Nimehamia Mkinga, mpakani na Kenya. Nani aliugawa ukoo wa watu hapa, na mbona mto Umba umebaki Vanga?

#1 Mhehe wa Mkinga

Wakuu, habari za jioni. Nimepangiwa kazi wilaya ya Mkinga, huku pwani, nikitokea Mufindi kwenye baridi. Wenzangu walinipa pole kwamba nimetupwa mwisho wa nchi. Nimefika, huo mwisho siuoni. Naona nchi ya watu imelala pande zote mbili, na mpaka umekatiza humohumo.

Mzee jirani yangu kafiwa na dada yake Lungalunga, Kenya. Kulipokucha nusu ya kitongoji kimeshaondoka, wengine kwa gari hadi Horohoro, wengine nikaambiwa "wamepita shambani". Jioni wamerudi wanabishana bei ya unga wa Kenya. Halafu nyumba ninayopanga ina vituko. Nikikaa chini ya mwembe nyuma, simu inadaka mnara wa Kenya na ujumbe wa kunikaribisha unaingia. Nikihamia barazani narudi Tanzania. Kifurushi kinagoma, salio linakwenda, na mimi sijavuka hata mtaro.

Naomba kueleweshwa. Mto Umba unatoka milima ya Usambara, unapita kwetu, halafu unakwenda kumwaga baharini upande wa Vanga, Kenya. Mpaka haukufuata mto, haukufuata kabila, haukufuata mlima. Umefuata nini? Nimeuliza kijiweni nikapata majibu matano kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Na la pili, mwisho wa wiki niende wapi? Nimechoka kulala.

#2 Kimanumanu

Karibu Tanga, waja leo waondoka leo. Ila Mhehe akishaonja bada kwa uduvi wa nazi, kwao watakuja kumtafuta na polisi.

Swali lako jepesi. Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser mlima Kilimanjaro, zawadi ya kuzaliwa. Ndiyo maana mstari unakwenda umenyooka, ukifika mlimani unapinda. Sisi wa huku chini tulifuatishwa tu.

#3 Mzee wa Faili

Kimanumanu, hiyo ya zawadi wanasimuliwa watalii Marangu. Makubaliano ya Mwingereza na Mjerumani yaliyochora mstari huu ni ya mwaka 1886. Wilhelm alishika ukaiser mwaka 1888. Mwaka 1886 babu yake bado yuko kitini, mjukuu anapewa mlima kwa cheo gani?

Mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa sababu Jühlke, mjumbe wa Mjerumani Carl Peters, alishaandikiana na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885. Taveta ikabaki kwa Waingereza kwa sababu Johnston wao alishapita huko na karatasi zake mwaka 1884. Mstari ukapenyezwa kati ya Uchagani na Taveta.

Sasa huku baharini. Mwaka 1886 wameandika unaanzia mlango wa mto Umba. Mwaka 1890 wakarudia: ukingo wa kaskazini wa mlango wa Umba. Kwa maandishi hayo mto wote ni wa upande wetu. Mwaka 1893 wakakaa tena, wakaandika unaanzia Ras Jimbo, pale maji yanapofika yakijaa. Ras Jimbo iko kusini ya mlango wa mto. Hapo ndipo Vanga na Umba yake vilipobaki ng'ambo. Mhehe, usitafute mlima wala kabila, tafuta kilichotokea kati ya 1890 na 1893.

#4 Kimanumanu

Basi babu yake ndiye aliyepewa zawadi. Tuendelee.

#5 Mhehe wa Mkinga

Mzee wa Faili shukrani. Kwa hiyo kwa nini walisogea kusini mwaka 1893? Mjerumani aliachia mdomo wa mto bure tu?

#6 Bint Vanga

Salaam kutoka ng'ambo. Sisi huku hatusemi Mjerumani aliachia. Vanga ulikuwa mji, una misikiti, una forodha, una madiwani, watawala wa Kivumba. Kabla ya Vanga palikuwa na Vumba Kuu, magofu yake yapo hadi leo, na watu wake walisambaa Wasini na Vanga. Mzungu alipokuja aliukuta mji una wenyewe. Hukati mji ukaacha msikiti huku, soko huku.

Na huo mto msiusifu sana. Umba masika yafura, yaleta mchanga, yapasua pengine. Babu zangu walipanda mpunga mahali ambapo leo wapita na mtumbwi. Watu wa London na Berlin waandike "mlango wa mto", mlango upi? Wa mwaka upi?

#7 Mzee wa Faili

Bint Vanga umesema jambo, lakini miji waliikata mingine bila haya. Mimi naona sababu iko kwenye pesa. Ukanda wa maili kumi kutoka pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Upande wa Mjerumani, Sultani aliuuza moja kwa moja mwaka 1890 kwa marki milioni nne. Upande wa Mwingereza haukuuzwa, ulikodishwa, na bendera ya Sultani iliendelea kuhesabika huko hadi 1963. Sasa Vanga ikiwa ni mji wa forodha wa Sultani, na kampuni ya Waingereza inakusanya ushuru kwa jina lake, kuihamisha ilikuwa ni kugusa mkataba wa mtu wa tatu. Rahisi zaidi kusogeza kigingi kidogo kusini, kwenye mikoko, ambako hakuna wa kulalamika.

Waingereza wilaya yenyewe waliita Vanga. Hawakuichukulia kuwa kijiji cha pembeni.

#8 Mvuvi wa Moa

"Kwenye mikoko, ambako hakuna wa kulalamika." Mzee, mikoko ina watu. Ulizia wakata boriti.

#9 Dereva wa Horohoro

Nyie endeleeni na 1893, mimi nimjibu mgeni ya leo. Tanga mjini hadi Horohoro ni kilometa 65 hivi, lami tupu. Zamani kabla ya lami safari hiyo mvua ikinyesha Duga ulikuwa unalala njiani na abiria wako, na mimba zao, na kuku wao. Sasa mtu anakunywa chai Tanga, mchana yuko Likoni anasubiri feri.

Pale mpakani siku hizi ni kituo cha pamoja, unagongewa muhuri upande unaoingia, si kupanga foleni mara mbili. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usije ukaanza kujadiliana dirishani huku basi linapiga honi. Hao "waliopita shambani" wana bibi zao kule, wewe huna. Ukikamatwa kwenye njia ya panya utasema unakwenda kwa nani?

#10 Mchungwa wa Muheza

Dereva kasahau kusema kinachovuka zaidi kuliko watu ni machungwa. Msimu ukifika Muheza magari ya Kenya yamejipanga, mnunuzi anaingia shambani na dalali wake, anakadiria mti ungali na matunda, anachuma kwa vijana wake mwenyewe. Nimeshuhudia gunia linashonewa kofia ya majani juu hadi linakuwa refu kuliko mchumaji. Mombasa wanakunywa juisi ya Muheza wanasifu Mombasa.

Malalamiko yangu ni hiyo kofia. Bei ni ya gunia, kofia ni ya kwake. Mkulima wa Tanga anamlisha jirani bure kila mwaka na anaitwa mjanja.

#11 Bint Vanga

Mchungwa, kauze wewe mwenyewe soko la Kongowea uone dalali wa Mombasa atakavyokufanya. Utarudi kwa miguu.

#12 Mdaiso

Mkinga ikitajwa watu husema Wadigo, Wadigo. Mhehe, hapo ulipo, ukitembea ufukweni kutoka Moa kushuka hadi Chongoleani, wengi unaokutana nao ni Wasegeju. Nao wana ndugu zao Shimoni, Kenya. Kuna Wavumba, Washirazi, na Wapemba waliokuja dago, kambi za uvuvi, wakaoa. Ukipanda kuelekea Maramba unakuta Wasambaa, Wabondei, Wakamba waliokuja zamani, na watu wa kila namna walioletwa na mkonge.

Sisi Wadaiso ndio msiotutaja kabisa. Tuko chini ya Usambara Mashariki, Bwiti na Magati. Lugha ya wazee wetu iko karibu na Kikamba na Kikikuyu kuliko Kisambaa cha jirani anayetuangalia dirishani. Wasegeju wa pwani walikuwa na lugha hiyohiyo, wakaiacha wakachukua Kidigo na Kiswahili. Kwa hiyo suala la "nani aligawa ukoo" lilianza kabla ya Mjerumani. Watu hawa walishahama, wakagawanyika, wakachanganyika, miaka mia tatu kabla mtu hajashika rula.

#13 Kimanumanu

Kumbe Wasegeju ni Wakikuyu! Mambo ya Tanga haya. Kesho tutaambiwa Coastal Union ni timu ya Murang'a.

#14 Mdaiso

Sikusema hivyo, na unajua sikusema hivyo. Wasegeju wenyewe wanataja Shungwaya, kaskazini huko. Wareno wanawataja Malindi mwaka 1589, wakiwapiga Wazimba waliokuwa wanateketeza pwani. Wapo wanaosema hao wa 1589 na wa leo si watu walewale moja kwa moja, ni jina limepita mikono mingi. Mimi nasimama na lugha. Hadithi mtu huitengeneza akiitaka, ila lugha ya bibi yako huwezi kuiazima.

#15 Wagosi Damu

#13 hiyo timu unayoitania ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Kimanumanu wenu, African Sports, waliufanyia nini mji huu zaidi ya kelele? Samahani wakuu, tuendelee na mpaka.

#16 Babu wa Chumbageni

Vijana, mnazungumza mpaka wa karatasi. Mpaka wenyewe sisi tuliuona mwaka 1977.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Februari mwaka huo serikali yetu ilifunga mpaka. Ulifunguliwa Novemba 1983. Katikati hapo hakuna basi, hakuna lori, hakuna "nakwenda kumjulia hali shangazi". Na ndiyo miaka ambayo huku sabuni ya kipande iligeuka zawadi ya harusi. Sukari kwa foleni, kwa daftari la balozi wa nyumba kumi. Ng'ambo vitu vimejaa, unaviona kwa harufu tu.

Hapo ndipo utakapojua watu wa Moa, Jasini na Vanga ni watu wa namna gani. Mamangu mdogo aliozesha binti Vanga miaka hiyo. Arusi haikuahirishwa. Bibi harusi alipitishwa usiku kwa mtumbwi, maji yamejaa ndani ya mikoko, kavaa nguo za shamba, za arusi ziko ndani ya debe lililozibwa kwa nta lisiingie maji ya chumvi. Wanawake wanne, hakuna kupiga vigelegele. Mpiga pondo alikuwa mzee kiziwi, na walimchagua makusudi, akiulizwa hakusikia kitu. Walipofika ng'ambo ndipo vigelegele vikatoka vyote kwa pamoja, mpaka askari wa Kenya akaja kuuliza kuna nini. Akapewa biriani.

Mwaka 1983, ile kampeni ya wahujumu uchumi, watu walizika makopo ya mafuta ya kupikia kwenye mashamba ya minazi. Wengine hawakuyaona tena. Ukilima Mkinga, Mhehe, ukagonga bati, usishangae.

#17 Mhehe wa Mkinga

Babu hii imenishika. Kiziwi wa kuchaguliwa!

#18 Mvuvi wa Moa

Babu kasema kweli, na baharini ndivyo ilivyo hadi leo. Mpaka wa bahari serikali mbili ziliandikiana wakati huohuo wa vurugu, 1975 hadi 1976. Unaanzia Ras Jimbo ukitoka nje kati ya Pemba na pwani ya Kenya. Nenda sasa ukamwoneshe samaki.

Sisi tunafuata upepo. Kaskazi ikitulia watu wa Pemba na wa huku wanakwenda dago hadi Shimoni, Gazi, Malindi. Wanajenga kibanda cha makuti ufukweni, wanakaa mwezi giza, wanauza, wanarudi. Wengine hawarudi. Siku hizi kila ufuko una kamati yake, una kibali, una ada, na upande wa pili vilevile. Ukidakwa na leseni ya nchi isiyo yake nyavu zinakaa kituoni hadi mtu azungumze. Mimi zangu zilikaa, zikarudi zina panya. Sitaji kituo.

Hao "hawarudi" ndio waliokuja kuleta kesi. Kuna Wapemba waliozaliwa Kenya, babu zao wamezikwa Kenya, hawakuwa na kitambulisho hadi serikali yao ilipowatambua mwaka 2023. Kabla yao Wamakonde wa Kwale, waliokwenda kwenye mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kudai haki kuelekea Nairobi mwaka 2016, wakawa kabila la 43 la Kenya.

#19 Karani wa Ardhi

Hapo kwa Mvuvi niongeze kinachotutoa jasho ofisini. Bibi yako kafa Kiwegu, Kenya. Kakuachia minazi. Huku pwani minazi na ardhi ni mali mbili, mtu anaweza kumiliki mti juu ya shamba la mwenzake, na wazee hawaoni ajabu. Sheria za siku hizi zinaona ajabu kubwa. Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya kukodi miaka 99. Kwetu asiye raia kwa kawaida hapati ardhi ila kwa uwekezaji. Mrithi wa Mkinga anakuta minazi ya ukoo imekuwa ya binamu wa Lungalunga kwa sababu binamu ana kitambulisho.

Na usiseme "basi chukua uraia wa nchi zote mbili". Kenya imeruhusu, Tanzania hairuhusu.

Kingine: Wadigo wa zamani walirithi upande wa mama. Mali ya mjomba inakwenda kwa mpwa, mtoto wa dada. Uislamu ulipoenea, baba akataka mali iende kwa mwanawe. Kesi za mtoto na mpwa zimejaa mahakama za pande zote mbili tangu Waingereza. Sasa weka na mpaka juu yake: mpwa yuko Tanzania, mtoto yuko Kenya, minazi iko katikati. Kila mmoja ana kitabu chake cha sheria, na wote wana haki kwenye kitabu kimoja kati ya hivyo.

#20 Bint Vanga

Karani umegusa kwetu. Mamangu ana minazi Mayomboni, Tanzania. Kila mwaka ampa jirani achume, wagawane. Jirani hutuma pesa kwa simu, na makato ya kuvusha pesa kutoka nchi hadi nchi yala nusu ya nazi. Mwaka jana akatuma nazi zenyewe kwa bodaboda, zikawahi kuota.

#21 Mpwa Halali

Karani, hapo kwenye mpwa na mtoto umechora nyeusi na nyeupe mno. Kwetu mjomba hurithisha vyote viwili akiwa hai. Anampa mtoto wake mashamba aliyonunua mwenyewe, anawaachia wapwa yale ya fuko, ukoo wa mama. Kesi zinakuja akifa ghafla bila kusema. Wadigo wa Kwale wanakwenda na hili hivyohivyo.

#22 Mzee wa Faili

Kabla hamjamaliza mpaka, mnamsahau mtu aliyeutumia kuliko wote. Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi. Aliwapiga Waingereza 1895 na 1896, maporini huko Kwale. Walipomzidi akavuka kusini. Aprili 1896 alijisalimisha kwa Mjerumani, gavana Wissmann mwenyewe, pale Moa, na wafuasi zaidi ya elfu moja. Waingereza walimtaka, Wajerumani wakamweka Dar es Salaam, akafia huko.

Miaka mitatu tu baada ya kigingi kuwekwa Ras Jimbo, tayari mtu kakifanya kigingi ngome yake. Kwa hiyo mnaposema mpaka uligawa watu tu, mimi naona pia watu waliutumia. Kulikuwa na mahali pa kukimbilia, umbali wa kutembea.

#23 Mvuvi wa Moa

Alishuka Moa ipi? Kuna wazee wanaonesha mwembe, wengine wanaonesha msikiti. Wote wanalipisha soda.

#24 Dereva wa Horohoro

Na vita vya Jasini je? Abiria wananiuliza.

#25 Mzee wa Faili

Tarehe 18 na 19 Januari 1915. Jeshi la Waingereza, wengi wao askari wa Kihindi na wa King's African Rifles, walikuwa wameshika Jasini kwenye shamba la mkonge. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawazingira hadi risasi na maji vikawaishia. Alishinda, lakini alipoteza maofisa na risasi nyingi hadi akaamua kuachana na mapigano makubwa ya ana kwa ana, akaanza ile vita yake ya kuchomoka na kurudi. Miezi miwili nyuma, Novemba 1914, walikuwa wamepigana Tanga mjini, vita ambavyo watu wa huku wanaviita vya nyuki.

#26 Kimanumanu

Nyuki wetu wa Tanga waliuma Waingereza pekee. Walikuwa wazalendo.

#27 Mzee wa Faili

Waliuma wote. Wajerumani nao walikimbia nyuki.

#28 Mama Kashata

Jamani mgeni kauliza pia pa kutembea, mmemjaza vita. Mhehe mwanangu, kwanza Mapango ya Amboni, kilometa nane kaskazini ya mji, njia hiyohiyo ya Horohoro. Nenda asubuhi, vaa raba, popo ni wengi, harufu utaizoea. Karibu na huko kuna maji ya moto ya Galanos.

Tongoni uende kusini, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, yapo makaburi kama arobaini. Hapo ni nchi ya Mtang'ata, Wareno wa Vasco da Gama walikwamisha jahazi karibu na hapo 1498. Pangani usiiache, utavuka mto kwa pantoni. Ila nakuonya, chakula kizuri kiko Tanga mjini, si huko. Asubuhi tafuta mkate wa ajemi na mbaazi za nazi, jioni kahawa chungu. Ukimkuta muuza kashata anayekata vipande vyembamba, pita, huyo ananyonya watu.

#29 Wagosi Damu

Na Amboni watakwambia pango linatokea Mombasa. Kuna mbwa aliingia Amboni akatokea Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro. Kila kiongozi wa watalii ana mbwa wake.

#30 Mzee wa Faili

Wapimaji walishapima, pango refu kuliko yote pale halifiki hata kilometa moja. Huyo mbwa alipanda basi.

#31 Babu wa Chumbageni

Amboni kuna la kweli moja la mpakani, Osale Otango. Alijificha mle miaka ya 1950, polisi wa kikoloni wakimsaka. Tulipokuwa watoto tuliambiwa ni Mau Mau aliyevuka kutoka Kenya kupigania uhuru. Shangazi yangu, aliyekuwa akikaa Kiomoni, alisema ni jambazi aliyevunja nyumba za watu, hata za maskini. Mwalimu wetu akasema yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja. Pangoni wanakuonesha alipolala.

#32 Mdaiso

Mau Mau wa mkonge walikuwepo, Wakikuyu walifanya kazi mashamba ya Tanga, na serikali ya Tanganyika iliwakamata wengi ikawarudisha Kenya miaka hiyo. Kwa hiyo shangazi na wazee wote wana pa kusimama.

#33 Kimanumanu

Mmesahau muziki! Wana Tanga waliouza Kenya zaidi ya machungwa ni akina Kinyonga. Wilson na George, watoto wa hapa hapa, Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, wakaingia Mombasa 1971 wakawa Simba Wanyika. Leo Mkenya atakula kiapo kwamba ni bendi ya Nairobi.

#34 Bint Vanga

Ni bendi ya Nairobi. Walirekodi wapi? Walilipwa wapi? Mtoto ni wa aliyemlea. Na taarab ya Mombasa je, mtasema nayo mlitufundisha?

#35 Babu wa Chumbageni

Black Star ya Tanga iliweka gitaa na besi kwenye taarab miaka ya 1960, Shakila akiimba, naye ni wa Pangani. Mombasa waliwafuata hadi huku. Nimewaona kwa macho yangu ukumbini, wamekuja na vinasa sauti vya mabetri. Waulize wazee wenu.

#36 Bint Vanga

Wazee wetu wasema nyinyi ndio mlikuja kwetu na vinasa sauti.

#37 Mhehe wa Mkinga

Asanteni nyote, Jumamosi ni Amboni, Tongoni itafuata. Lakini swali langu la mdomo wa Umba naona limebaki na majibu manne: mji ulikuwa na wenyewe, ushuru wa Sultani, mto ulihama, na mikoko haikuwa na mtetezi.

#38 Karani wa Ardhi

Ongeza la tano: mpimaji alichoka matope. Mimi nimepima mikoko. Ukishazama hadi kiunoni, na kifaa cha kupimia uko nacho begani, na maji yanapanda, sehemu yoyote kavu unayoiona mbele ndiyo mpaka.

#39 Mzee wa Faili

Hiyo haimo kwenye mkataba.

#40 Mvuvi wa Moa

Karani kapatia. Mhehe, ukitaka kuona Ras Jimbo njoo Moa siku ya bamvua, maji yakijaa ndipo mtumbwi unapita ndani ya mikoko. Hata Vanga utaiona kutoka majini. Wenzetu wa kule, Vanga, Jimbo na Kiwegu, mikoko yao wanaitunza wanauza hewa ukaa, wanapata hela za kijiji. Yetu tunakata boriti. Njoo na kofia, na usije na Kimanumanu, anaongea mno na samaki wanasikia.